Namna ya kufanya pas chassé vizuri, na juu ya nini inaitwa vile

Ku Bukavu hapa, kama uko mu kikundi chenye kinaingizaka maarusi mu sale ya fete, hakika umeshasikia kapita wa dansi anapaza sauti, mikono juu, «pas chassé kuume, pas chassé kushoto!», na kikundi chote kinahama pembeni, kila mutu namna yake, huyu anaruka, ule anakokota viatu, mwingine anatembea sawa mutu mwenye anatafuta mulango usiku umeme umekatika. Ukiuliza pas chassé maana yake nini wanakujibu ni ile ya kuenda pembeni. Haiko uongo. Lakini ni sawa na kusema bugali ni ile ya kula na mukono, umesema kweli na haujafundisha mutu kusonga.

Miye nafundisha vijana dansi ku Kadutu, siku ya posho mangaribi, na kitu chenye nimeona kwa miaka yote hii ni kwamba mutu mwenye hajaelewa lile neno hatafanya hiyo hatua vizuri hata umuonyeshe mara makumi tano, na mwenye amelielewa anaishika mu dakika kumi. Juu neno lenyewe njo mwalimu. Linakuambia muguu gani unafanyia muguu gani nini. Basi tutaanzia ku neno, kisha tutasimama.

Sisi wa Kongo chassé tulilijua mbele ya dansi, tulilijua ku masomo. Mwezi unafika, mutu wa biro anaingia mu klasi na liste ku mukono, anasoma majina ya wenye hawajalipa frais, wale wanabeba mifuko yao wanashuka nyumbani, na ukimukuta mutoto mu kartye saa ine za asubui ukimuuliza unafanya nini hapa anakujibu tu «wametuchasser». Kuko mwaka nilikuwa na binti mumoja mu kikundi, wa sekondari, mukimya sana, na muguu wake ulikuwa mwepesi kupita ya wenzake wote, na siku yenye nilisema mara ya kwanza «leo tunajifunza chassé» niliona uso wake unabadilika, akaenda kuketi ku ukuta. Ile asubui walikuwa wamemurudisha nyumbani juu ya frais. Yeye hakusema kitu, rafiki yake njo alinieleza kisha. Tangu pale sifundishi tena hiyo hatua bila kufungua neno kwanza, juu neno lenye limeumiza mutu haliwezi kuingia mu miguu yake mupaka aone vizuri kuko nini ndani.

Basi ndani kuko hivi. Chasser ni tendo lenye maana mbili, kuwinda na kufukuza, na muwindaji kwa Kifaransa ni chasseur. Wafaransa walilitoa mu Kilatini cha watu wa kawaida, captiare, lenye nalo lilitoka mu captare, yaani kujaribu kukamata. Iko na ndugu wengi: Waitaliano wanasema cacciare, Wahispania cazar, na Waingereza walikopa mara mbili mu mizizi ile ile, mara ya kwanza wakapata catch, kukamata, mara ya pili wakapata chase, kukimbiza. Kwa hiyo ku mwanzo neno halikuwa na mambo ya kumutoa mutu inje kwa aibu, lilikuwa mbio ya mutu mwenye anataka kufikia kitu. Anafika karibu, kile kitu kinatoka, anafika tena, kinatoka tena. Shika hiyo picha, tutaitumikisha.

Sasa angalia ile é ya mwisho. Chassé haiko «kufukuza», ni «iliyofukuzwa». Pas chassé, hatua yenye imefukuzwa. Jina wamelipa muguu wenye unakimbia, hapana ule wenye unafukuza. Soma hapa polepole juu dansi yote iko hapa: muguu wa nyuma unakuja mbio pahali penye muguu wa mbele uko, unaugusa, unaikamata ile nafasi, na wa mbele, juu hauna tena pahali, unateleza unaenda mbele. Haukuamua kuenda, umetolewa. Ni sawa mu taksi yetu za hapa, kiti cha nyuma watu watatu wameshaketi, wa ine anaingia anasukuma na kiuno, na mutu wa mwisho anajikuta ameshafika ku mulango wa upande mwingine, yeye mwenyewe hakuamua kusogea, musukumo umetoka upande wa pili na umemufikia. Ukicheza vile, hatua inajivuta yenyewe na haichokeshi. Ukicheza namna wengi wanachezaka, muguu wa mbele unaenda kisha ule wa nyuma unaufuata sawa mutoto mwenye amechoka anafuata mama yake ku soko ya Kadutu, ile ni kutembea pembeni tu, haina jina.

Na kwa wale wenye wanaandika «pashasé» ku telefone: ni maneno mawili, pas ni hatua, chassé ni yenye imefukuzwa. Tena haina undugu na châssis ya motokari, ile inatoka mu châsse, sanduku, wala na chaussée ya barabara. Masikio yanasikia karibu moja, mizizi iko mbali.

Sasa simama.

Tafuta pahali pa sima, mita ine za urefu zinatosha kwa kuanza. Ku udongo unaweza kufanya lakini hautateleza, na kuteleza ni nusu ya hatua. Vua sandale za plastike, zinashika chini na goti njo litalipa ile deni, na usifanye na shoseti ku sima yenye imesuguliwa, pale ni kinyume, utaanguka. Miguu wazi ni vizuri, ao viatu vya kitambaa vyenye chini yake ni nyembamba. Kamata kipande cha makala, chora musitari mumoja murefu chini, hiyo njo barabara yako.

Simama juu ya musitari, visigino vinagusana. Kunja magoti kidogo, kidogo kabisa, sawa mutu mwenye alitaka kuketi na wakamuambia ngoja kwanza. Kama magoti yako sawa, yaani yamenyooka, usianze, juu goti lenye limenyooka halina kitu cha kusukuma nacho. Toa muguu wa kuume pembeni, usiuinue, uteleze, vidole vinatangulia, na uzito wa mwili uende pamoja naye hapana kisha. Sasa, pale pale, muguu wa kushoto unakuja mbio na unafika penye wa kuume uko. Hapana karibu yake. Pahali pake. Na mu dakika ile visigino vinakutana, wa kuume ukuwe umeshatoka. Hesabu ni moja-na-mbili: kwa moja unateleza, kwa «na» unafukuza, kwa mbili umefika. Ile «na» ni fupi sana, ukiirefusha muwindaji amelala njiani.

Kama miguu inakataa, rudia ku mikono. Ninafanyaka hivi na watoto wadogo na hata na wakubwa: weka ngumi mbili ku meza, ya kushoto isukume ya kuume, ya kuume iruke kidogo isimame, ya kushoto isukume tena. Fanya mupaka mikono ifanye bila kuwaza. Kisha shuka ku miguu, utashangaa, miguu inasoma kwa mikono haraka kupita yenye inasoma kwa mwalimu.

Ukishashika moja, unganisha mbili, kisha ine, kwa kuume. Kisha rudi kwa kushoto, na upande wa kushoto utakusumbua, hiyo ni kawaida kwa mutu mwenye anatumikishaka muguu wa kuume. Mupe kushoto mara mbili ya wakati wenye ulipa kuume.

Kuko tena ile ya kuenda mbele, yenye watu wa balé, ile dansi ya Ulaya ya kuonyesha watu, wanafanyaka, na pale kufukuza kunaonekana wazi kabisa juu kunafanyika hewani. Simama muguu wa kuume mbele, wa kushoto nyuma yake umefunga, magoti yamekunjika. Teleza wa kuume mbele, ruka, na wakati uko juu wa kushoto unafika unakutana na wa kuume hewani, miguu yote imenyooka na imebanana sawa muguu mumoja, kisha unashuka juu ya wa kushoto, goti limekunjika, na wa kuume umeshateleza mbele tena. Watoto wanaiita farasi. Wanaona vizuri, ni mutoto wa familia moja na mbio ya farasi yenye Wafaransa wanaita galop. Lakini mu galop ya mutoto kelele ya miguu ni sawa, mu chassé ya kweli hausikie kushuka. Kama jirani wa chini anapiga ukuta, haujakunja goti wakati wa kushuka.

Kwa mupira ni ile ile kazi lakini kwa kusudi lingine. Wote wenye walifanya jimnastike ku masomo ao mazoezi ya futubole wanajua «pas chassés», ile ya kuhama pembeni chini-chini mikono wazi, golikipa anaifanya ku mulango wake. Pale visigino havilazimishwi kugusana na mwili unabaki chini wakati wote, kitu kimoja tu hakibadiliki: miguu haivukani, hapana hata siku moja, juu muguu wenye umevuka mwenzake haujaufukuza, umeupita, na mutu mwenye miguu yake imepitana unamuangusha na kidole.

Juu ya nini tunasema haya yote kwa Kifaransa? Ku Ufaransa kulikuwa na mufalme mwenye alipenda dansi kwa moyo wote, Louis wa 14. Mu 1653, akiwa na miaka 14, alicheza yeye mwenyewe Apollo, mungu wa jua, mu balé moja ya usiku mbele ya watu wa nyumba ya mufalme, na jina la Mufalme Jua likamubakia. Mu 1661 alianzisha Académie royale de danse kule Paris. Pierre Beauchamp, mwalimu wake, njo wanasema alipanga zile nafasi tano za miguu zenye mupaka leo kila mutoto wa balé anaanza nazo. Mu 1700 Raoul-Auger Feuillet akachapisha kitabu Chorégraphie, chenye kinaonyesha namna ya kuandika hatua ku karatasi na mistari na alama, sawa vile mizike inaandikwa na nota, na mutu wa muji mwingine angeweza kununua karatasi na kusoma dansi bila kuona mutu anacheza. Juu kazi hiyo ilifanyika Paris na kwa Kifaransa, maneno yakabakia Kifaransa kila pahali, Moscow, Havana, Tokyo, mwalimu anasema plié, jeté, chassé na hakuna mwenye anatafsiri.

Na hapa nataka musikilize vizuri nyinyi wadogo zangu wenye munawaza balé ni ya watu wa mbali. Mutoto wa Tokyo analishika hilo neno sawa jina tu, sawa vile tunashika jina la dawa ku bwate. Wewe wa Bukavu umefundishwa Kifaransa tangu ku praimari, unaweza kulisikia likisema. Plié, imekunjwa. Tendu, imenyooshwa. Relevé, imeinuliwa. Échappé, yenye imetoroka, na kweli miguu miwili inatoroka kila mumoja upande wake. Kila neno lenye linaishia na é linakuambia kitu kimepata kufanyiwa, basi jiulize mbele ya kucheza: ni kiungo gani, na nani amekifanyia? Miye niliteseka miaka mbili na échappé mupaka siku yenye nilijiuliza hilo swali.

Neno letu halikubaki mu nyumba ya mufalme. Waingereza walikuwa na dansi zao za vijiji, country dance, Wafaransa wakazipenda wakaziita contredanse, watu wawili wawili mu mistari ao mu kare wanaangaliana, wanabadilishana nafasi, na hatua ya kusafirisha mutu kutoka hapa kuenda pale mara nyingi ilikuwa chassé. Kama wawili wanafanya chassé mumoja kuume mwingine kushoto mupaka wanapishana na kubadilisha pahali, ni chassé-croisé, na hilo neno lilitoka mu dansi likaingia mu maisha: leo ku Ufaransa, mwisho wa mwezi wa saba, wakati wenye wamemaliza konje wanarudi na wenye wanaanza wanatoka, barabara zinajaa pande zote mbili, radio inasema chassé-croisé.

Ku Marekani mambo yalienda kwa masikio. Kule mu dansi za vijiji kuko mutu mwenye anasimama na kuita hatua kwa sauti, sawa kapita wetu, na watu wenye hawakujua Kifaransa wakashika sauti tu: chassé ikageuka sashay, na dos-à-dos, mugongo kwa mugongo, ikageuka do-si-do. Hiyo ni mu karne ya 19. Kisha sashay nayo ikatoka mu dansi, leo kwao ni kutembea kwa madaha, mabega yanasema niangalieni. Na usiwaze hiyo ni tabia ya Wamarekani peke yao, sisi tulifanya ile ile, tulikamata secouer, kutikisa, tukaigeuza soukous, na dunia yote ikatufuata.

Lakini njia yenye inanigusa miye ni ile ya tatu, yenye ilipita kwa watu wetu. Contredanse ilivuka bahari na wakoloni mupaka Saint-Domingue, yenye leo ni Haiti, na pale watumwa wenye walitoka Afrika, na wengi wao walitoka Kongo, waliishika na kuipa ngoma zao. Mu 1791 watumwa waliasi, wakoloni wengi wakakimbilia mashariki ya Cuba wakiwachukua kwa nguvu watu wenye waliwafanya watumwa, na dansi ikaenda pamoja nao. Cuba ilikuwa imeshapata contradanza kutoka Hispania, zikachanganyika. Kutoka mule kukatoka danzón, yenye Miguel Faílde alipiga kule Matanzas mu 1879, na kutoka mu danzón Enrique Jorrín, mupiga fidla, akatoa cha-cha-chá mwanzo wa miaka ya 1950. Jina, wanasema, lilitoka mu mulio wa viatu vya watu wenye walikuwa wanacheza, hatua tatu za mbio chini, cha, cha, cha. Kisha walimu wa dansi ya sale kule Ulaya walipoipanga mu masomo yao, zile hatua tatu wakaziita nini? Chassé. Neno lilizunguka bahari yote na likarudia hatua yake.

Na likafika kwetu. Kuanzia 1933 zile plake za GV, za kampuni ya HMV, zilileta mizike ya Cuba mu Afrika, watu wa Léopoldville, yenye leo ni Kinshasa, wakaisikia wakasema lakini hii ni yetu, na rumba ikakua mupaka UNESCO ikaiandika mu 2021 kwa jina la Kongo zote mbili. Mu mwezi wa kwanza 1960, wakati wanasiasa wetu walikuwa Bruxelles ku Table Ronde, mukutano wa kuzungumuza uhuru na Wabelgiji, Joseph Kabasele, Grand Kallé, na African Jazz yake walikuwa kule pamoja nao, na pale njo Indépendance Cha Cha ilitoka. Hakuna mutu wa Kongo mwenye hajui ule wimbo. Basi wakati unaucheza na hatua tatu za cha-cha, miguu yako inafanya kitu chenye kina jina la watu wa mufalme Louis, na kimepita kwa mikono ya watu wenye walitolewa hapa kwetu kwa minyororo. Miye siwezi kuucheza ovyo, na wanafunzi wangu wanajua.

Namna ya kuifanya iko hivi, na hapa hakuna kuruka hata kidogo. Hesabu inaanzia ku mbili. Mbili, muguu wa kushoto mbele. Tatu, uzito unarudi ku kuume. Ine-na-moja, kushoto pembeni, kuume unafukuza, kushoto pembeni tena. Kisha upande wa pili: mbili, kuume nyuma, tatu, uzito ku kushoto, ine-na-moja, kuume, kushoto unafukuza, kuume. Mwenzako anayekuangalia anafanya kinyume, wewe ukienda mbele yeye anaenda nyuma. Hatua ni fupi, upana wa bega hivi, na muguu wenye unafukuza haulazimishwi kufika kabisa, nusu ya njia inatosha, juu ine-na-moja inapita haraka na ukitaka kufunga miguu yote utachelewa ku mbili. Magoti yanabadilishana, moja linakunjika lingine linanyooka, na kiuno kinafuata chenyewe. Usikichezeshe. Kiuno cha mutu wa Kongo hakiombi ruhusa, ukikiongezea utapoteza hesabu.

Sasa turudi ku maarusi, juu njo wengi wenu mumekuja kwa hiyo.

Fanyeni repetisio na nguo za siku yenyewe, walau mara moja. Robe yenye inabana magoti inaua chassé, juu binti hawezi kukunja goti wala kutoa muguu pembeni, na wote wanafanya hatua kubwa mu repetisio na jupe pana kisha siku ya fete safu inavunjika. Kama mumeshashona nguo ya kubana, fupisheni hatua ya kikundi chote, wanaume pia, usiache wanaume wateleze mita moja na wabinti nusu mita. Viatu virefu navyo: mwenye kisigino kirefu anatangulize vidole kila mara, kisigino kisiguse chini mbele.

Kichwa kisipande na kushuka. Hiki njo kosa lenye linaonekana ku video kupita yote. Mutu anacheza chassé na anaruka juu ya kila «na», kikundi cha watu kumi kinakuwa sawa maji yanachemuka. Dawa yake: weka kitabu chembamba ku kichwa, fanya chassé ine, kikianguka magoti yako yamenyooka katikati. Kosa lingine ni kuangalia miguu, na hiyo inatoka mu woga wa kukanyagana, lakini kama nafasi kati ya mutu na mutu ni mikono miwili yenye imenyooshwa hakuna mwenye atakanyaga mwenzake, basi pimeni nafasi mbele ya mizike na muangalie watu, wamekuja kuwaona nyuso.

Kapita, wewe nawe, kuita hatua ni kazi. Usiite «pas chassé kuume» wakati hatua inaanza, umeshachelewa, ita mu «tatu» na «ine» za mbele yake, kusudi neno liingie mu sikio na mwili upate wakati wa kukunja goti. Na bafle ikipiga sana hawatakusikia, mupatane alama ya mukono.

Mwisho, pima sale. Enda siku moja mbele, toka ku mulango mupaka penye viti vya maarusi viko, tembea na chassé zako za kweli na uhesabu. Sale moja nilipima ikatoa ishirini na mbili, na mizike yenye walichagua ilikuwa na nafasi ya kumi na sita tu mbele ya sebene, ile sehemu ya gita ya mbio, kuingia, ingekuwa sebene inalia na bibi arusi akiwa bado katikati ya njia. Pale tuliongeza hatua za kutembea nane ku mwanzo, mizike ikiwa haijaanza, karibu na mulango penye hakuna mwenye anaangalia sana, kisha chassé kumi na sita. Yule binti wa sekondari, wakati huo alikuwa ameshamaliza masomo, njo alikuwa anatangulia safu ya kuume. Alifika ku kiti ku hesabu ya kumi na sita, akafunga visigino, na sebene ikaingia.